Difenda

Septemba 2019, Land Rover ilipoonyesha Defender mpya mjini Frankfurt, wapenzi wa lile la zamani walikuja juu. Chesesi inayojitegemea hamna tena, kona zimelainishwa, na kazi imehamia Slovakia kutoka Solihull, Uingereza, ambako la mwisho lilitoka Januari 2016. Hata tarakimu ziliwakera: 110 zilikuwa inchi za kweli kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, jipya lina kama 119 na bado linaitwa 110. Jina limeporwa, wakasema.

Waje Tanzania waone uporaji. Huku difenda ni gari la polisi lililo wazi nyuma, askari wameketi kwenye benchi wakipeana migongo, buti zinaning'inia. Mara nyingi ni Toyota Land Cruiser, wala hakuna anayejali, mtu akisema tu "difenda hilo!", kijiwe kinatawanyika. Wapo wahariri wanaolirudishia herufi kubwa na tahajia ya Kiingereza. Mimi ningeliacha hivi lilivyo, tena kwenye ngeli ya LI-YA: difenda limepita, madifenda yamepita.