Menyu ni ya Nani?

Nilipoacha chuo nilirudi nyumbani na laptopu kuukuu yenye Linux. Mama akataka kuweka humo kitabu cha madeni ya duka. Nikamwonyesha menyu. Akaangalia majina yote yale, akauliza, “Sasa hapa duka liko wapi?”

Swali lake lina historia, tena ya ugomvi. Mwaka 1996, Matthias Ettrich, mwanafunzi Ujerumani, alianzisha KDE ili mtu wa kawaida aweze kutumia Linux kwa kubofya tu. 1997 ikaja GNOME, ya kina Miguel de Icaza wa Meksiko. Lakini kila kambi ilikuwa na menyu yake. Mwaka 2000 Havoc Pennington akaanzisha freedesktop.org, kambi zipatane. Huko wakaelewana: kila programu iwe na faili ndogo ya maandishi inayotaja jina lake, picha yake na kundi lake.

2011, GNOME 3 ikaitoa ile menyu ya zamani kwenye sura yake mpya. Watu waliwaka! Wengine hawakuishia kulalamika. Walichukua msimbo wa GNOME 2, maana leseni inaruhusu, wakaunda MATE, menyu ikarudi.

Zile faili ndogo bado zipo. Unanakili moja kwenye folda yako, unabadilisha jina, basi. Hakuna wa kuombwa ruhusa. Yetu nimeiandika “Madeni ya Duka”.

Jana Mama aliifungua mwenyewe. Hakuniita.