Utawala, Biashara na Njaa katika Mapishi ya Mikoa ya Italia

Ufalme wa Italia ulitangazwa mwaka 1861, na Roma haikuingizwa ndani yake hadi mwaka 1870. Kabla ya hapo rasi hiyo ilikuwa imegawanyika kwa karne nyingi kati ya jamhuri za miji ya bandari, milki ya Papa, maeneo yaliyotawaliwa na Hispania au Austria, na watawala wadogo wa ndani, kila mmoja akiwa na ushuru wake, vipimo vyake na soko lake la nafaka. Kwa hiyo msafiri anayetarajia kukuta chakula kimoja cha Kiitalia hukuta vyakula vya Palermo, vya Napoli, vya Bologna na vya Venezia, ambavyo pengine havipikwi kabisa katika mkoa wa jirani. Hata kitabu kinachohesabiwa kuwa msingi wa mapishi ya taifa hilo, alichokichapisha Pellegrino Artusi kwa gharama zake mwenyewe mjini Firenze mwaka 1891, kilianza na mapishi 475 yaliyotoka zaidi Toscana na Romagna, na ijapokuwa baadaye yaliongezeka hadi 790, maeneo ya kusini yaliguswa kwa uchache tu. Ladha na hali ya hewa hazitoshi kueleza tofauti hizo. Lazima pia ijulikane ni nani aliyetawala mahali husika, ni bidhaa gani zilizopita bandarini mwake, na maskini wake waliachiwa nini cha kula.

Sisilia inastahili kutangulia. Jeshi la Waaghlabi, watawala Waislamu wa eneo la Tunisia ya leo, lilitua Mazara mwaka 827 na kuiteka Palermo mwaka 831, na katika zaidi ya karne mbili za utawala wa Kiislamu kisiwa kilipokea mbinu za kumwagilia mashamba kwa mifereji na mabirika, pamoja na mimea iliyozihitaji, yaani miwa, malimau na madanzi. Wanormani, wavamizi Wakristo waliokamilisha kukiteka kisiwa mwaka 1091, waliendelea kutumia mashamba hayo na maarifa hayo. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha mwaka 1154 kitabu alichomwandikia Roger II, mfalme Mnormani wa Sisilia, kitabu hichohicho kinachoitaja miji ya Malindi na Mombasa, alieleza kwamba huko Trabia, karibu na Palermo, zilitengenezwa tambi nyingi zilizopakiwa merikebuni kwenda Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo. Maelezo hayo yaliandikwa zaidi ya karne moja kabla ya Marco Polo, msafiri wa Venezia, kurejea kutoka China, na kwa hiyo yanatosha kuifuta hadithi kwamba yeye ndiye aliyezileta tambi Italia.

Mjini Trapani, magharibi mwa kisiwa, msafiri aonje kuskusi, ambayo ni chembechembe za unga wa ngano ngumu zilizoviringishwa kwa vidole, zikapikwa kwa mvuke katika chungu chenye matundu, kisha zikamiminiwa mchuzi wa samaki badala ya ule wa kondoo uliozoeleka zaidi Afrika Kaskazini. Palermo inajivunia arancine, ambayo ni madonge ya wali yaliyojazwa nyama na kukaangwa. Inajivunia pia cassata, yaani keki ya jibini laini la maziwa ya kondoo iliyozungushiwa lozi zilizosagwa na sukari. Kuna pia caponata, ambayo ni bilinganya zilizokaangwa na kuungwa kwa siki na sukari, mchanganyiko ambao mtu aliyelelewa na achari za pwani ya Afrika Mashariki hataona ugeni wowote ndani yake.

Napoli ilichelewa kuwa mji wa tambi. Wakazi wake walijulikana kwanza kama walaji wa mboga za majani, hadi pale, katika karne ya 17 chini ya utawala wa Hispania, watu walipoongezeka na nyama ikaadimika, huku mashine za kukandia na kukamulia unga zikishusha bei ya tambi. Zilinunuliwa barabarani zikiwa zimenyunyiziwa jibini tu, na zikaliwa kwa mkono. Nyanya, iliyotoka Amerika, ilionekana katika kitabu cha mapishi cha Antonio Latini, kilichochapishwa mjini humo kati ya 1692 na 1694, ila mchuzi wake haukuzoeleka juu ya tambi hadi karne ya 19. Pizza nayo, mkate bapa wa mafukara, imepanda hadhi kiasi kwamba mwaka 2017 UNESCO iliiorodhesha sanaa ya wapishi wake wa Napoli kuwa urithi wa binadamu.

Kaskazini, katika bonde la mto Po, historia ni chungu zaidi. Mahindi, yaliyotoka Amerika kama nyanya, yalienea Veneto na Lombardia kuanzia karne ya 16, na unga wake ukapikwa polenta, chakula ambacho ni ugali kwa kila hali isipokuwa jina na uji wake kuwa mzito au mwepesi kulingana na mahali. Wenye ardhi waliuza ngano na kuwaachia vibarua mahindi, lakini mbinu ya wenyeji wa Amerika ya kuyachemsha kwa maji ya chokaa, inayouwezesha mwili kupata vitamini ya niasini iliyomo, haikusafiri pamoja na mbegu. Walioishi kwa polenta pekee waliugua pelagra, maradhi yanayochubua ngozi, kuharisha, kuvuruga akili na hatimaye kuua, na ambayo daktari wa Milano, Francesco Frapolli, aliyapa jina hilo mwaka 1771. Polenta inayotolewa leo Bergamo au Venezia pamoja na uyoga au pweza inastahili kuliwa kwa heshima ya wakulima hao, ambao hawakuwa na kitoweo cha kuiwekea pembeni.

Si mbali na hapo, watawa wa Kikristo wa Zama za Kati waliokausha vinamasi na kufuga ng'ombe ndio walioasisi jibini la Parmigiano Reggiano, ambalo gurudumu lake moja la takribani kilo 40 hutumia zaidi ya lita 500 za maziwa na halitolewi sokoni kabla ya miezi 12. Bologna hula mchuzi wake wa nyama, ragù, kwa tambi pana za mayai, kamwe si kwa spageti. Msafiri Mwislamu aulize kwanza, kwa kuwa mchuzi huo kwa desturi huwa na nyama ya nguruwe. Milano hupika wali wa zafarani. Venezia, iliyotajirika kwa pilipili manga iliyovuka Bahari ya Hindi hadi Aleksandria, ina sarde in saor, dagaa wakubwa waliolazwa ndani ya vitunguu, siki na zabibu kavu ili wadumu safarini baharini.

Roma nayo ina vyakula vya waliotengwa. Katika mtaa wa Testaccio, penye machinjio makubwa yaliyofungwa mwaka 1975, wachinjaji walipewa sehemu ambazo matajiri hawakuzitaka, na mkia wa ng'ombe uliotokoswa kwa nyanya na figili ukawa fahari ya mji. Wayahudi, waliofungiwa ndani ya kuta za mtaa wao kwa amri ya Papa mwaka 1555, walikuza ustadi wa kukaanga kwa mafuta mengi, na artichoki, tumba la mmea wa jamii ya mbigili, hukaangwa nao zima hadi likachanua na kuwa kavu kama jani. Mwaka 2018 mamlaka ya juu ya marabi nchini Israeli ilitamka kwamba artichoki za namna hiyo hazifai kwa sheria ya dini, kwa hofu ya wadudu wanaoweza kujificha kati ya majani yake. Wayahudi wa Roma walijibu kwamba wanajua jinsi ya kuzisafisha, na wameendelea kuzikaanga.