Alizeti na debe: kutoka Amerika hadi Sindo

Alizeti ni mmea wa Amerika Kaskazini, ambako wenyeji waliulima zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Wahispania waliufikisha Ulaya katika karne ya 16, ukawa ua la bustani tu. Warusi ndio walioufanya zao la mafuta katika karne ya 19. Afrika Mashariki uliingia zama za ukoloni, na leo Singida na Dodoma, nchini Tanzania, ndiko kunakosifika zaidi kwa kilimo chake.

Debe nalo lina historia yake. Mafuta ya taa yaliuzwa katika makopo ya bati ya galoni 4, yaani takribani lita 18. Mafuta yakiisha, bati halikutupwa: lilichotewa maji, likapimiwa nafaka, likaezekewa nyumba, na likapandiwa maua barazani.

Katika mji kama Sindo, ulio ufukweni mwa Ziwa Viktoria katika Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, debe hilo bado lafaa kwa alizeti fupi. Hutobolewa matundu chini kwa msumari, hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kisha mbegu mbili tatu hufukiwa na mche mmoja bora huachwa. Mbegu hupandwa papo hapo, kwa kuwa mzizi mkuu hauvumilii kuhamishwa. Jua la ziwani hukausha udongo wa debe upesi, hivyo maji hutiwa kila siku. Aina ndefu za shambani hazifai: upepo huziangusha pamoja na debe.