Pombe na Mzigo kwenye Njia ya Tabora

Wazungu walioandika habari za njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji katika karne ya 19 walikubaliana juu ya jambo moja: mpagazi ni mlevi. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 7, 1857 akiwa na John Speke, aliieleza Msene, upande wa magharibi, kuwa ni mji ambao kila mtu hulewa akipata cha kulewea, na ambao wapagazi hawang'oki kwa hiari. Speke, pamoja na Stanley na Cameron waliopita njia hiyo baadaye, nao waliongeza malalamiko yao, na kwa malalamiko hayo kiboko kikapata utetezi. Mimi naona ushahidi huu umesomwa vibaya. Tukiyapanga maandishi hayohayo kwa saa za siku, tunaona watu waliojua wakati wa kubeba na wakati wa kunywa, na waliozitenga nyakati hizo mbili bila kusimamiwa na mgeni.

Siku ya msafara, kama Burton mwenyewe alivyoieleza, ilianza kabla ya mapambazuko. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia na vazi lake jekundu, ngoma ikalia, na kila mtu akajitwika mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Walitembea kukiwa bado na ubaridi, wakapumzika njiani, na kwa kawaida walipiga kambi kabla ya adhuhuri. Mchana uliobaki ulikuwa wao: kupika, kulala, kushona, kucheza ngoma, na palipokuwa na kijiji jirani, kwenda kutafuta pombe ya mtama. Pombe ile ilikuwa nzito, haikuchujwa sana, na kwa mtu aliyepewa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku ilikuwa sehemu ya chakula. Huko Mgunda Mkali, nyika iliyotenganisha Ugogo na Unyanyembe, vijiji vilikuwa haba na maji yalikuwa shida; pombe ingetoka wapi? Msafara ulikatiza hapo haraka na watu wakiwa hawajalewa, kisha wakajilipa walipofika penye mashamba. Mgeni aliyekaa hemani alasiri akisikia kelele za kijijini aliandika kwamba watu wake wamelewa. Hakukosea kuhusu kelele. Alikosea kudhani kwamba kazi ya siku ilikuwa bado haijakwisha.

Ipo hoja nzito ya kupinga haya, nayo ni ucheleweshaji. Misafara ilikwama Msene, ikakwama zaidi Tabora, na Burton alisubiri Kazeh zaidi ya mwezi mmoja. Lakini Unyanyembe, nchi yenyewe ya Tabora, ilikuwa kwao wapagazi wa Kinyamwezi. Mnyamwezi aliyepanda kutoka pwani alikuwa ametimiza mkataba wake. Aliupokea ujira wake wa vitambaa, akarudi kwa mkewe na shamba lake msimu wa mvua ulipoanza, na msafiri aliyetaka kwenda Ujiji ilimpasa aajiri watu wengine. Kuuita ulevi mapumziko ya mtu aliyetembea takriban kilomita 800 na frasila mbili begani ni dhuluma. Nakubali kwamba ugomvi ulikuwapo, bunduki zilikuwapo kambini, na asubuhi nyingine watu waliamka wazito. Nidhamu yoyote huvunjwa. Nisichokubali ni kwamba kuvunjwa kwake kunathibitisha kuwa haikuwapo.

Wala walalamikaji hawakuwa watu wa maji matupu. Katika orodha ya vyakula vya safari ya Burton imo dazeni ya brandi, na dazeni nne zaidi zilitakiwa zimfuate; Stanley alibeba shampeni hadi Ujiji, akaifungua alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Hakuna aliyewaita walevi, kwa sababu walikunywa saa waliyojichagulia. Kanuni ya leo ya usafiri wa anga nchini Marekani haimkatazi mhudumu wa ndege kunywa maishani. Inataka saa 8 zipite kati ya kinywaji na kazi. Msingi huo haukuwa mgeni kwa watu waliotua mizigo kabla ya adhuhuri na kujitwika tena alfajiri.

Mtu aliyesemwa zaidi ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa India kama mtumwa na kurudi akiwa huru. Speke alimpiga hadi akapoteza meno. Cameron alilalamikia kupenda kwake pombe. Hata hivyo Burton, Speke, Stanley na Cameron walimtumia, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani ya fedha. Mtu asiyeaminika kazini haajiriwi hivyo na watu waliokwisha kusoma vitabu vya wenzao. Na Oktoba 1873, Cameron akiwa Unyanyembe, uliingia msafara usio na Mzungu wa kuuongoza. Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa Livingstone, walikuwa wamebeba maiti yake pamoja na karatasi zake tangu Chitambo, katika Zambia ya leo. Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa, wakashika njia ileile ya Mgunda Mkali na Ugogo, na Februari 1874 wakaukabidhi mzigo wao Bagamoyo.