Gauni la kisasa kutokana na hando la Kigiriama

HANDO, vazi la wanawake wa Kimijikenda na hasa Wagiriama, siku hizi huonekana zaidi katika ngoma na mapokezi ya viongozi kuliko sokoni au ofisini. Mjini Malindi, katika tamasha za kila Agosti za kumkumbuka Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuukaidi utawala wa Waingereza mwaka 1913 na 1914, kina mama hulivaa kwa fahari. Sherehe ikiisha, mahando mengi hurudi sandukuni. Ndipo huzuka swali iwapo vazi hili laweza kuzaa gauni la kuvaliwa Jumatatu hadi Ijumaa.

Kimuundo, hando ni sketi fupi ya tabaka kadhaa za pamba, iliyokunjwa marinda madogo madogo na kukusanywa kiunoni hata nyonga zikaonekana pana. La kawaida ni jeupe, la kitambaa kiitwacho marekani. Jina hilo ni kumbukumbu ya viwanda vya Massachusetts vilivyoleta vitambaa Zanzibar katika karne ya 19. (Hapa Kenya neno ‘rinda’ limekuja kumaanisha gauni lenyewe, katika makala haya linabaki na maana ya mkunjo.) Tabaka hizo si pambo tu. Hando lilishonwa kwa kiuno kinachocheza, na marinda ndiyo yanayoionyesha ngoma kwa mtazamaji aliye mbali.

Wakorea walikabiliwa na suala kama hili kuhusu hanbok, vazi lao la koti fupi liitwalo jeogori na sketi pana, chima, inayofungwa juu ya kifua. Wabunifu wao walifupisha chima na kutumia vitambaa vyepesi, lakini wakaacha kola inayopishana na utepe wa kufungia kifuani. Anayeziona alama hizo mbili huitambua hanbok hata ikiwa imeshonwa kwa kitambaa cha jinzi. Serikali nayo ilisaidia: avaaye hanbok huingia bure katika kasri la Gyeongbokgung jijini Seoul. Sisi tulianza kinyume. Vazi la taifa lililozinduliwa mwaka 2004 lilitoka juu likishuka kwa wananchi, na halikupata wavaaji.

Kwa hando, alama za kuhifadhiwa kwa maoni yangu ni mbili: marinda membamba na upana wa nyonga. Uzito unaweza kuachwa bila hasara. Rinda la kulalia upande mmoja hula kitambaa mara tatu ya upana unaoonekana. Mwanamke mwenye nyonga za sentimita 100 atahitaji sentimita 300 kwa tabaka moja, na tabaka tatu zitakula mita tisa. Katika joto la Malindi la mwezi Machi, hakuna karani atakayezivumilia mita tisa za marekani.

Suluhisho ni kuanzisha marinda nyongani badala ya kiunoni. Kutoka kiunoni hadi nyongani ushonwe ukanda bapa unaoshika mwili, kisha tabaka moja ya marinda iangukie magotini. Upana wa asili utarejeshwa na tabaka ya pili, fupi, ya nyuma pekee. Pamba tupu hupoteza mikunjo ikifuliwa. Ama fundi ashone ukingo wa kila rinda, ama atumie pamba iliyochanganywa na polista, ambayo hushika pasi lakini huongeza joto. Binafsi ningechagua mshono.

Leso nayo hufaa kuliko wengi wanavyodhani. Ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110. Ikikatwa katikati kwa urefu, hutoa vipande viwili vyenye jumla ya sentimita 300, pungufu kidogo kwa sababu ya mshono, na kina cha 55, kila kimoja kikiwa na pindo lake la kuwa upindo wa chini wa sketi. Tatizo ni jina. Maandishi yakikunjwa humezwa na marinda, na msomaji hubaki na herufi zisizo na maana. Anayetaka jina lisomeke alitoe katika leso ya pili, pacha yake, aliweke kwenye ukanda bapa.

Rangi zataka hadhari. Nyeupe, nyekundu na nyeusi au buluu iliyoiva, zikiwa pamoja, ni nguo za uganga kwa Mijikenda. Mbunifu asiyelijua hilo atawauzia wateja kitu asichokikusudia.

Kuna pia haki za wenyewe. Kampuni moja ya Uingereza iliwahi kuomba neno ‘kikoy’ lisajiliwe kuwa alama yake ya biashara. Kufikia mwaka 2008 ombi hilo lilikuwa limeachwa baada ya kupingwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya kiasili na sanaa za kitamaduni inataka idhini ya jamii kabla ya matumizi ya kibiashara, na kuzipa kaunti jukumu la kuweka sajili. Kwa hivyo mbunifu wa Nairobi au Milan anayelitamani hando aanzie kwa wazee wa Kilifi, asingoje barua ya wakili.

Linalobaki ni bei. Nyonga za sentimita 100, kwa marinda ya sentimita mbili, ni marinda 50, na kila moja hupimwa, hupigwa pasi na kushonwa. Fundi mwenye cherehani ya miguu hawezi kuimaliza kazi hiyo kwa ujira wa sketi ya shule, na mteja huyohuyo amepita kwenye mitumba asubuhi akaona gauni zima likiuzwa kwa bei ya chini ya ile ya leso moja.