Mvua inavyomwamulia mkulima nafaka ya kupanda

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa jiji, mvua kubwa ya Desemba ni foleni na matope. Kwa mkulima wa Kongwa au Bahi, mkoani Dodoma, mvua ya kwanza ya mwezi huo ni swali gumu: apande sasa, au asubiri ya pili?

Akipanda kisha mvua ikakatika, mbegu huota na kukauka, naye hulazimika kutafuta nyingine. Akichelewa, msimu huisha kabla mazao hayajakomaa.

Tanzania ina mifumo miwili mikuu ya mvua. Ukanda wa Ziwa Victoria, nyanda za juu kaskazini mashariki na pwani ya kaskazini hupata vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Mikoa ya kati, kusini na magharibi hupata msimu mmoja, unaoanza Novemba na kumalizika Aprili au Mei.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa maamuzi mengi ya shambani. Mkulima wa misimu miwili akikosa vuli, bado ana masika. Wa Dodoma akikosea Desemba, husubiri hadi mwaka mwingine.

Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka. Kwa hesabu za karatasi, kiasi hicho kinaweza kukomaza mahindi. Tatizo ni mtawanyiko wake.

Mara nyingi, kati ya mwisho wa Januari na Februari, mvua husimama. Wakati huo mahindi yaliyopandwa Desemba huwa yanachanua, hatua ambayo huhitaji maji kuliko nyingine yoyote. Jua la wiki mbili tu laweza kumwachia mkulima magunzi yenye punje za kuhesabika.

Mtama na uwele huvumilia zaidi. Mtama ukikosa maji hukunja majani na kupunguza ukuaji, kisha huendelea mvua inaporudi. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo wamekuwa wakihimiza mbegu zinazokomaa mapema, kama vile Macia kwa mtama na Okoa kwa uwele.

Hata hivyo, uamuzi huo si mwepesi. Punje za mtama ziko wazi kwa ndege aina ya kwelea kwelea, ambao huweza kumaliza shamba kwa siku chache, ilhali mahindi hulindwa na maganda yake. Aidha, familia nyingi zimezoea ugali wa mahindi, na mahindi hayakosi mnunuzi gulioni.

Kwa sababu hiyo wapo wanaogawa shamba: mahindi bondeni kunakobaki unyevu, mtama na uwele sehemu za juu. Mvua ikiwa njema, mahindi huleta fedha; ikiwa mbaya, mtama huokoa nyumba.

Namna ya kuandaa ardhi nayo ina uzito wake. Wanaoberega, yaani kupanda bila kutifua udongo, huwahi mvua za kwanza, lakini maji mengi hutiririka juu ya ardhi ngumu na kupotea. Matuta na makinga maji huyazuia yazame.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Lakini utabiri unaosema mvua zitakuwa za wastani hueleza jumla ya miezi kadhaa, si siku zitakapokatika. Humsaidia mkulima kuchagua mbegu. Siku ya kupanda huhitaji utabiri wa muda mfupi.

Gharama ya msimu mbaya haiishii kijijini. Vuli ya mwaka 2005 ilipokuwa hafifu, mwaka uliofuata nchi ilikabiliwa na upungufu wa chakula pamoja na mgawo wa umeme.

Hivyo, bei ya unga anayoikuta mkazi wa jiji dukani huanza kupangwa miezi mingi kabla, siku mkulima anapoamua kama mvua ya kwanza ni ya kuaminika.