Meli ya Liemba: Asili na Marekebisho

Kwa wakazi wa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, Liemba haikuwa kitu cha jumba la makumbusho. Ilikuwa njia yao ya kwenda Kigoma. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Ilipewa jina la Götzen, aliyekuwa gavana Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakiisha kuipaka mitambo yake grisi isishikwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kienyeji la ziwa hilo. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziling'olewa, zikatiwa za dizeli.

Je, asili ilipotea? Sisi twaona sivyo. Bodi la chuma, lililo shahidi wa historia, lilibaki. Mtambo uliochakaa huhatarisha abiria. Na jina la mtawala wa kikoloni mahali pake ni kitabuni, si ubavuni mwa meli. Basi fundi na abadili kinachohatarisha uhai, lakini aandike alichobadili, wajukuu wetu wasije wakadanganyika.